Jinsi ya kutengeneza elektrodi nzuri za betri ya lithiamu ukiwa Kampala, kuanzia hesabu mpaka rola

Vijana wengi wanaoingia kwenye mambo ya betri za lithiamu swali lao la kwanza ni unga gani ndio mkali, huyu anataka silikoni, yule amesikia habari za nikeli nyingi, na mimi jibu langu ni lile lile kila siku: unga wa bei mbaya ukiupaka ovyo unapata betri mbovu, na unga wa kawaida kabisa ukiukoroga sawasawa, ukaupaka kwa kipimo, ukaukausha taratibu na kuugandamiza mpaka pale panapotakiwa, unapata betri ambayo mtu wa boda ataitumia miaka. Kwa hiyo humu nitaongea zaidi kuhusu hesabu, mizani na kazi ya mikono, malighafi nitazigusa pale tu zinapobidi.

Elektrodi yenyewe ni foili nyembamba ya chuma, aluminiamu upande wa kathodi (chanya) na shaba upande wa anodi (hasi), imepakwa tabaka jeusi lenye vitu vitatu: unga unaobeba lithiamu, kaboni nyeusi ya kupitisha umeme, na gundi ya kushikilia vyote. Cha nne ambacho wengi wanakisahau ni matundu. Elektroni zinapita kwenye kaboni, aioni za lithiamu (chembe zake zenye chaji) zinapita kwenye elektrolaiti, kile kimiminika kilichojaa ndani ya matundu, na lazima zote mbili zikutane kwenye kila punje ya unga, njia moja ikiziba punje ile imekufa hata kama ni unga wa dhahabu. Foili msizibadilishane jamani, aluminiamu ukiiweka upande wa anodi inakula lithiamu na kusagika, shaba ukiiweka upande wa kathodi inayeyuka kwenye elektrolaiti.

Kwanza jua betri inaenda kufanya kazi gani

Hapa ndipo muundo unapoanzia. Kampala ni vilima mwanzo mwisho, boda ya umeme ikibeba abiria na mzigo wake inapanda Muyenga au Naguru inavuta mkondo mkubwa kwa dakika kadhaa mfululizo, na elektrodi nene ikivutwa hivyo aioni haziwahi kufika chini kabisa karibu na foili, unga wa chini unabaki umekaa bure na voltiji inashuka wakati dereva yuko katikati ya mlima. Taa ya sola ya nyumbani ni habari nyingine kabisa, ile inatumika polepole usiku kucha, hiyo unaweza kuipakia elektrodi nene bila shida.

Kwa nini basi watu wanahangaika kupaka nene? Kwa sababu foili ni mzigo. Foili ya shaba ya mikroni 10 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) ina uzito wa karibu miligramu 9 kwa kila sentimita ya mraba, na tabaka la grafaiti tutakalolihesabu hapa chini halifiki hata 7, yaani ukipaka upande mmoja tu chuma kinakuwa kizito kuliko kitu kinachohifadhi umeme. Viwandani wanapaka pande zote mbili na wanapaka nene ili foili moja ibebe unga mwingi. Kwenye magari makubwa ya umeme utakuta mAh (miliampea-saa, kipimo cha umeme unaohifadhiwa) 3 mpaka 4 kwa sentimita ya mraba na zaidi, lakini wewe usianzie huko, nene inapasuka wakati wa kukauka na utakata tamaa bure. Anza na mAh 2 kwa sentimita ya mraba, kwa boda inatosha na inasamehe.

Unga ninaoushauri

Kathodi chukua LFP, ile fosfeti ya chuma na lithiamu iliyotangazwa mwaka 1997 na timu ya John Goodenough kule Texas. Haina kobalti wala nikeli, haiachii oksijeni kirahisi ikipata moto, na kubwa kuliko yote kwetu sisi ni kwamba inakubali kukorogwa kwa maji. Unga wa NMC, ule wa nikeli, manganizi na kobalti, ukiwa na nikeli nyingi ukiutia maji lithiamu inatoka nje, pH inapanda mpaka 11 au 12, na aluminiamu inaanza kuliwa wakati bado unapaka. Ndiyo maana NMC wanaikoroga na gundi ya PVDF iliyoyeyushwa kwenye NMP, na NMP ndugu yangu ni kemikali inayodhuru uzazi, inachemka kwenye nyuzi 202 kwa hiyo kuikausha ni kazi, na inanyonya unyevu hewani. Msimu wa mvua hapa kwetu, rojo la NMC yenye nikeli nyingi kwenye PVDF linaweza kugeuka jeli ndani ya chombo kabla hujapaka hata kipande. Kama huna mfumo wa kunyonya mvuke na kuukusanya, achana na NMP. Hilo nasema kwa moyo wote, nimeona watu wanafanya kwenye chumba kimoja na dirisha limefungwa.

Anodi chukua grafaiti. Kila mtu sasa ananiuliza kuhusu grafaiti ya Orom kule Kitgum, na mimi natamani sana siku moja tuipake sisi wenyewe, ila elewa kwamba grafaiti inayotoka ardhini siyo grafaiti ya betri. Lazima isafishwe mpaka asilimia 99.95, magamba yake bapa yaviringishwe yawe vidonge, na hapo sehemu kubwa inabaki vumbi, halafu yapakwe ngozi nyembamba ya kaboni ili yasile elektrolaiti. Kusafisha huko sehemu nyingi duniani wanatumia asidi ya haidrofloriki ambayo ni hatari tupu, au wanapasha zaidi ya nyuzi 2,500. Kwa sasa nunua iliyo tayari, jifunze kupaka, ili ya Orom ikifika iwakute mikono yenu inajua kazi.

Silikoni ina uwezo kama mara kumi ya grafaiti, ni kweli, lakini ikijaa lithiamu inavimba mpaka karibu mara nne ya ukubwa wake na kubomoa tabaka. Iache mpaka grafaiti yako iwe imetulia.

Mnunuzi akiagiza kutoka China mwambie adai karatasi ya vipimo ya kila mfuko: ukubwa wa punje, unyevu, eneo la uso kwa gramu. LFP punje zake ni ndogo sana, mikroni moja au chini, kwa sababu unga wenyewe hauupitishi umeme vizuri, na punje ndogo zinakunywa gundi na maji mengi. Grafaiti punje zake ni mikroni 15 mpaka 20. Ukipata mfuko mpya wenye namba tofauti usitegemee rojo lile lile.

Hesabu kabla ya kugusa maji

Chukua daftari. Kathodi yetu ina LFP asilimia 90, kaboni nyeusi 5, CMC (gundi ya unga inayoyeyuka kwenye maji) 2 na SBR (gundi ya mpira) 3, kwa uzito mkavu. Viwanda vinaenda juu ya 95 ya unga lakini wana mashine za kukoroga ambazo sisi hatuna, kwa hiyo kaa na 90.

Nadharia ya LFP ni mAh 170 kwa gramu, hesabu kwa 150 ili usijidanganye. Ukitaka mAh 2 kwa sentimita ya mraba unahitaji LFP miligramu 13.3, gawa kwa 0.90, unapata tabaka zima miligramu 14.8 kwa sentimita ya mraba. Sasa msongamano wa vitu vyako bila tundu hata moja: LFP 3.6, kaboni karibu 1.9, CMC 1.6, SBR 1.0, ukichanganya kwa uwiano huo unapata kama gramu 3.14 kwa sentimita ya ujazo. Tunataka matundu asilimia 35, maana yake tabaka liwe na msongamano wa 3.14 mara 0.65, ambayo ni 2.04. Gawa 14.8 kwa 2.04, unapata unene wa mikroni 72 au 73. Hiyo ndiyo namba yako ya kuifukuzia kwenye rola. Ukitoka kwenye kukausha bila kugandamiza matundu yatakuwa asilimia 55 hivi, yaani unene wa mikroni kama 105, kwa hiyo rola inatakiwa iondoe mikroni 30 na kidogo.

Anodi fanya hivyo hivyo. Grafaiti 95, kaboni 1, CMC 1.5, SBR 2.5. Anodi lazima iwe na nafasi zaidi ya kathodi, asilimia 10 hivi, la sivyo wakati wa kuchaji lithiamu ikikosa pa kuingia inajipaka juu ya grafaiti kama chuma na hapo unaelekea kwenye shoti. Kwa hiyo mAh 2.2, ukihesabu grafaiti kwa mAh 350 kwa gramu unapata tabaka la miligramu 6.6 kwa sentimita ya mraba. Ukiligandamiza mpaka msongamano wa 1.5 linakuwa mikroni 44.

Watu wanaruka hatua hii. Wanapaka, wanakata, wanatengeneza seli, halafu wanakuja kuuliza mbona uwezo ni mdogo, na ukiwauliza tabaka lilikuwa na miligramu ngapi na matundu asilimia ngapi hawajui, sasa hapo mtu utamsaidiaje?

Kukoroga

CMC ni unga mkaidi, ukiumwaga wote kwenye maji unatoa mabonge ambayo hayayeyuki wiki nzima. Unyunyizie kidogo kidogo maji yakiwa yanazunguka, maji yasiyo na madini na si ya bomba, tengeneza mchanganyiko wa asilimia 2 hivi na uuache uzunguke usiku kucha. Asubuhi uangalie dhidi ya mwanga, uwe mwangavu bila macho ya samaki, vile vibonge vya CMC isiyoyeyuka, ndani.

Halafu tia kaboni nyeusi kwanza, peke yake, na ukoroge kwa nguvu mpaka isambae, hii kaboni inapenda kushikana makundi makundi na kundi likishabaki kwenye rojo umeme utapita sehemu moja na kukosa sehemu nyingine. Ukichukua tone ukalipaka kwenye kioo na kuliburuza kwa ukingo wa kisu hutakiwi kuona mistari wala punje. Baada ya hapo ndipo unga wa LFP unaingia, kwa mafungu, kila fungu lilowe kabisa kabla ya kuongeza lingine, na mwanzoni liache rojo liwe zito hata likaonekana kama litagoma, kwa sababu uzito huo ndio unaofanya punje zisuguane na kuachana, ukiongeza maji mapema zinaogelea tu. Maji ya mwisho ongeza mpaka vitu vikavu viwe kama asilimia 45. SBR ndiyo ya mwisho na hapo punguza mwendo wa mashine, ni vitone vidogo vya mpira ndani ya maji na mwendo mkali unavivunja vikagandana.

Rojo zuri linaanguka kutoka kwenye kijiko kwa utepe usiokatika, kama uji wa mtama uliopoa kidogo. Lipitishe kwenye chujio la mikroni 100, kisha liweke chini ya vakyumu (chombo kilichonyonywa hewa) kwa dakika kadhaa mpaka mapovu yaishe, maana kila povu moja ni tundu la sindano kwenye elektrodi na tundu la sindano kwenye anodi ni mahali pa lithiamu kujipaka. Vaa barakoa wakati unapima kaboni na LFP zikiwa kavu, vumbi hilo ni laini sana na linaingia mapafuni moja kwa moja.

Kupaka na kukausha

Foili ifutwe kwa alkoholi na ilazwe juu ya kioo au sahani ya vakyumu, bila mkunjo. Kwa lebu (maabara) ndogo bledi, kile kisu cha kutandaza rojo kwa unene mmoja, ya kuvuta kwa mkono au kwa mota inatosha, viwandani wanatumia mdomo mwembamba unaomwaga rojo kwa mkondo sawa muda wote. Rojo letu la asilimia 45 lina msongamano wa kama 1.44, kwa hiyo ili ubakiwe na miligramu 14.8 unahitaji rojo bichi la unene wa mikroni 228 hivi, lakini pengo la bledi siyo unene unaobaki, rojo linanyooka nyuma ya bledi na kuwa jembamba, kwa hiyo funga kwenye 300, paka kipande, kausha, pima, halafu sogeza pengo. Vuta kwa mwendo mmoja bila kusita, ukisita unaacha mstari.

Sasa kukausha, na hapa naomba tusikilizane vizuri maana hapa ndipo elektrodi nyingi zinafia. Mtu ana haraka, anaweka nyuzi 100 moja kwa moja. Maji yanakimbilia juu na yanabeba gundi, gundi inarundikana kwenye uso na kule chini karibu na foili hakuna kitu, matokeo yake tabaka linang'oka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Na maji yana mvutano mkubwa wa uso kuliko NMP, yanavuta punje wakati yanaondoka na tabaka nene linapasuka kama udongo wa kiangazi. Anza na nyuzi 50 mpaka 60 hewa ikipita taratibu, mpaka ule mng'ao wa unyevu uishe wote. Simama uangalie. Utaona kingo zinakuwa za kijivu kwanza, halafu ukijivu unatembea kuelekea katikati, na kama unatembea kwa mstari mmoja ulionyooka basi kukausha kwako ni sawa, kama unaruka na kuacha visiwa vyeusi hapa na pale basi sahani haina joto sawa au feni inapiga upande mmoja. Mipasuko ikikusumbua ongeza alkoholi kidogo kwenye maji ya rojo, inapunguza ule mvutano. Unyevu wa hewa ya Kampala unabadilika sana asubuhi na mchana, mvua ikinyesha kausho linachelewa, kwa hiyo andika kwenye daftari saa na unyevu wa siku ile, usitegemee dakika za jana.

Baada ya hapo vakyumu, nyuzi 110 mpaka 120, usiku mzima. Foili ya shaba usiipashe hivyo kwenye hewa ya kawaida, inaota kutu nyekundu. Kuna mambo mawili ya kwetu hapa. La kwanza, Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, hewa yetu ina kama kilopaskali 88 badala ya 101, sasa geji ya oveni inapima kuanzia hewa ya nje kwa hiyo haitafika -0.1 MPa (kilopaskali 100 chini ya hewa ya nje) hata pampu iwe mpya dukani, ikigota kwenye -0.087 ujue imefika, wala usimrudishie fundi pampu. La pili ni umeme. Umeme ukikatika usiku pampu inasimama, na ile nguvu ya vakyumu inavuta mafuta ya pampu kurudi kwenye oveni, elektrodi zako zote zinalowa mafuta. Funga vali inayojifunga yenyewe umeme ukipotea, au kama huna, oveni ikishafika chini funga vali kwa mkono na uzime pampu, ufungue tena mara kwa mara kutoa mvuke.

Rola

Bila rola huna elektrodi, una rangi juu ya foili. Kugandamiza kunasogeza punje zishikane, umeme unapita vizuri, na betri inabeba zaidi kwenye nafasi ile ile. Tatizo ni kwamba tunafukuzia mikroni 72 na rola ikiwa imepinda mikroni 10 tayari umekosa. Unaweza kuchongesha Katwe, mtaa wa mafundi hapa Kampala, mafundi wa pale wanajua chuma, lakini usiridhike na kuangalia kwa jicho. Nilisimama na fundi mmoja pale akaweka dayo geji, ile saa ya mshale ya kupimia mpindo, juu ya rola, akaizungusha polepole kwa kiganja, mshale ukaenda kulia kidogo ukarudi, akazungusha tena mshale ukafanya vile vile mahali pale pale, akaniambia "Ssebo (bwana), hii bado," na akaitoa kuirudisha kwenye mashine ya kusaga. Huyo ndiye fundi wa kumtafuta. Chini ya mikroni 5 mzunguko mzima, hapo mnaweza kuongea.

Pitisha elektrodi mara kadhaa ukipunguza pengo kidogo kidogo, usiibane yote kwa mkupuo mmoja, foili itajikunja mawimbi kwenye kingo. Rola zikiwa na joto la nyuzi 60 mpaka 80 gundi inalainika na kazi inakuwa nyepesi. Kila ukipitisha pima kwa maikromita sehemu tano, toa unene wa foili, linganisha na namba ya daftari. Na usizidishe! Watu wanapenda elektrodi inayong'aa kama kioo, hasa anodi, kumbe kung'aa huko ni magamba ya grafaiti yamelala yote bapa na matundu yamezibwa, aioni inalazimika kuzunguka njia ndefu na ukichaji haraka lithiamu inajipaka juu. LFP ikifika msongamano wa 2.0 mpaka 2.3 inatosha, grafaiti 1.4 mpaka 1.6.

Pima kabla ya kutengeneza seli

Kata vipande vya duara vya milimita 14 kutoka katikati, kingo, mwanzo na mwisho wa karatasi yako ya elektrodi. Kila kipande kina eneo la sentimita za mraba 1.54, foili ya aluminiamu ya mikroni 15 peke yake ni miligramu 6.2, tabaka linatakiwa liwe kama 22.8, jumla 29. Mizani ya kupima miligramu moja moja haikufai hapa, miligramu moja ni zaidi ya asilimia 4 ya tabaka lako, tafuta ya sehemu ya kumi ya miligramu. Vipande vikipishana zaidi ya asilimia 2 au 3 rudi kwenye bledi na sahani. Bandika utepe wa gundi (selotepu) juu ya tabaka, bonyeza, vuta: kama foili inabaki uchi gundi ilipanda juu wakati wa kukausha, kama tabaka limegawanyika katikati tatizo ni kukoroga. Zungushia kipande kwenye bomba la kalamu uone kama kinapasuka.

Vinavyobaki weka kwenye chombo kikavu chenye silika jeli, andika tarehe na namba ya rojo.

Seli na kusoma majibu

Kutengeneza seli ya kitufe, CR2032, kunahitaji sanduku la glavu (sanduku lililofungwa kabisa, unafanya kazi ndani kwa glavu) lenye gesi ya agoni na unyevu chini ya sehemu moja kwa milioni. Hapa hakuna njia ya mkato. Chumvi ya LiPF6 iliyomo kwenye elektrolaiti ikikutana na maji inatoa asidi ya haidrofloriki, ile ile niliyoitaja juu, na inapita kwenye ngozi bila maumivu mwanzoni. Kama huna sanduku peleka elektrodi zako kwenye chuo kilicho nalo, elektrodi kavu inasafiri vizuri. Anodi ikatwe kubwa kuliko kathodi, milimita 15 au 16, ili kila ukingo wa kathodi uwe na grafaiti mbele yake.

Kathodi yetu ina mAh 3.08, kwa hiyo mizunguko miwili ya kwanza chaji polepole kwa miliampea 0.15, kati ya volti 2.5 na 3.65, grafaiti inajijengea utando wake wa kinga hapo. Usiogope ikirudisha kidogo kuliko ulichoingiza, sehemu ya lithiamu imeishia kwenye utando huo na haitarudi. Baadaye ongeza mkondo hatua kwa hatua.

Uwezo ukiwa mdogo hata kwa mkondo wa polepole, ama uzito ulipimwa vibaya ama kaboni haikusambaa na punje zimekosa umeme. Ukiwa mzuri polepole na kuanguka vibaya kwa mkondo mkubwa, elektrodi ni nene mno au matundu yamezibwa na rola, pima unene upya. Ukishuka kidogo kidogo kila mzunguko mara nyingi ni unyevu au gundi. Na jihadhari na majibu ya seli yenye lithiamu tupu upande wa pili, ile ina lithiamu ya kumwaga, inafidia kila kinachopotea na kukuonyesha elektrodi nzuri kuliko ilivyo. Itumie kupima unga na kutafuta uwezo wake, lakini maisha ya betri yapime kwenye seli ya LFP na grafaiti zikitazamana, kama itakavyokuwa kwenye boda.

Seli ikishachoka itoe chaji yote, ifungue ndani ya sanduku la glavu na uangalie anodi. Ukiona ukingo una utando wa kijivu unaong'aa kama bati, kipande cha anodi hakikukaa katikati au ni kidogo, kata kipana zaidi na ukipange vizuri. Ukiona madoa hayo yametapakaa katikati, anodi yako ni nyepesi kuliko daftari linavyosema au imebanwa mno, chukua kipande kingine cha karatasi ile ile, kipime uzito na unene, na uhesabu matundu upya.